Mama Mkwe, Ulitoka Nje Ili Niseme

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini sikuwa na namna nyingine ya kuanza. Kwa miaka kumi na moja hilo ndilo neno pekee nililokuambia bila kupitia kwa Zaina. "Shikamoo mama." Nawe, "Marahaba baba," huku umetazama pembeni na mimi nikitazama ndala zangu, kisha kila mmoja akashika njia yake. Yote tuliyowahi kuambiana ana kwa ana hayajazi upande mmoja wa karatasi. Leo nakuandikia mengi, tena hadharani, na kwa hilo naomba radhi mapema. Wapo watakaosema nimekosa adabu. Watakuwa wamesema kweli, ila watakuwa wamechelewa, maana adabu niliikosa siku ile watu waliponisifu kwamba ninayo.

Kwa wasiotujua: wewe ulikuwa mfuga kuku wa Unyambwa, mama mzazi wa mke wangu Zaina. Mimi nauza vocha na bando kwenye kibanda pale sokoni Singida mjini, wakala wa kampuni moja ya simu ambayo sina haja ya kuitaja. Babu yangu alikuja kutoka pwani na robota la kanga, akaoa hukuhuku, akasahau kurudi. Nyumbani kwetu wakwe wanataniana, wanakula sinia moja, na mama mkwe akikuona umekonda anakuuliza kama mwanawe hakupikii. Kwa hiyo siku mshenga aliponiweka kando kunifunda, nilidhani ananipima akili. "Huku kwetu," alisema, "mkwe haketi mkeka mmoja na mama mkwe wake. Hali mbele yake. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayepisha. Umesikia?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Unakumbuka ziara yangu ya kwanza? Nilikaa kwenye kigoda uani, mgongo kwenye mlango wa jiko, napunga upepo. Ukatoka na jogoo mkononi, unakwenda kumtafutia mtu wa kumchinja kwa heshima yangu. Ukaniona, ukageuka, ukarudi ndani. Nikabaki najiuliza mbona chakula kinachelewa. Kumbe mlango ule ndio pekee wa kutokea, nami nimeukalia. Zaina aliporudi kutoka kisimani alishika kiuno: "Umemfungia mama ndani tangu saa nne! Na jogoo wake!" Nilihamisha kigoda kwa aibu, na nyuma yangu nikakusikia unacheka, kile kicheko cha mtu anayejiziba mdomo kwa kanga. Siku hiyo nilikupenda, mama. Sijui kama mkwe anaruhusiwa kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo tukapata utaratibu wetu. Ukiwa na neno kwangu unalituma kwa Zaina, hata kama nimekaa upande wa pili wa ukuta nasikia kila kitu.

"Zaina, mwambie baba watoto hizi nyanya alizoleta ni mbichi. Tutazilea mpaka lini?"

"Zaina, mwambie mama muuzaji aliapa zimeiva."

"Zaina, mwambie wauzaji wote huapa. Na yeye ni muuzaji."

Mara nyingi Zaina mwenyewe alikuwa kwa jirani, hayupo kabisa.

Ulinunua simu ya kupangusa kwa fedha ya kuku, mwaka ule ulipoanza kuwapeleka Dodoma kwa basi. Kila wiki ulikuwa unatuma: "Zaina, mwambie baba aniwekee intaneti." Nami naweka. Ndipo kideri kikaingia Unyambwa. Asiyefuga ajue tu kwamba kideri kinalala na kuku wazima, kinaamka na manyoya, na kinga yake ni chanjo inayotolewa kabla, siyo baada. Kwenye kundi lenu la wafuga kuku mtu akatuma anwani ya ukurasa wa wataalamu wa mifugo: chanjo inapatikana wapi mjini, inatunzwaje kwenye baridi, kuku anapewa matone mangapi. Ukabonyeza. Kiduara kikazunguka. Ukapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, kikazunguka. Na wakati huohuo mambo ya kundini yalikuwa yanaingia bila shida, picha za harusi, salamu za Ijumaa, ugomvi wa nani hajalipa mchango.

"Zaina, muulize baba, mbona intaneti yangu inafungua umbea tu?"

Siku hiyo Zaina alikuwepo. Alikuja mpaka nilipokaa, akaniuliza kama alivyotumwa. Nikamjibu: "Mwambie mama mtandao unasumbua." Akarudi, akakuambia.

Mtandao ulikuwa mzima. Bando nililokuuzia lilikuwa la kuchati tu, kila kitu nje ya kuchati kimefungwa, na nilijua. Ukasubiri mtandao upone, siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu, jirani yako Bi Asha alipokuletea maelezo ya chanjo yameandikwa kwenye karatasi ya daftari, alikukuta unachimba shimo la kufukia kuku.

Mtu mwingine angeulaani mtandao akaendelea na maisha yake. Nilitegemea hivyo, maana wateja wangu wote ndivyo wanavyofanya, na sisi mawakala tunaishi kwa hilo. Wewe ulivaa ile miwani yako iliyofungwa uzi, ukaufungua ujumbe unaokuja mtu akishanunua bando, ukausoma mpaka mwisho. Katika miaka yangu yote ya kibandani sijaona mteja mwingine aliyeufikisha mwisho. Na huko mwisho, baada ya hongera na alama za mshangao, ndiko kulikokuwa kumefichwa maneno kwamba bando ni la kuchati pekee, na kwamba siku saba zikipita chochote kilichobaki kinapotea.

Ulichosema hapo Unyambwa nzima inakijua, lakini wacha nikiandike ili kisipotee. Ulisema: "Nikinunua debe la mahindi sokoni, muuzaji haniulizi kama nitasonga ugali au nitapika kande. Na siku saba zikipita haji nyumbani kwangu kubeba yaliyobaki. Hawa wa simu wamejifunzia wapi biashara?"

Mama, mimi nimehudhuria semina za kampuni, zile zenye soda na fulana za bure. Nimesikia vijana wenye tai wakieleza vifurushi kwa picha za rangi ukutani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulieleza jambo hili kwa uwazi kama wewe na debe lako. Niliposikia nilijikuta natikisa kichwa kukubali, kisha nikakumbuka niko upande gani, nikaacha.

Hukuishia kwenye maneno. Uliwakusanya wanawake wa kundi, mkanunua bando za kila aina, na siku moja baada ya chai ya asubuhi wote mkafungua ukurasa uleule wa chanjo kwa pamoja. Matokeo mliyachora kwa mkaa kwenye ukuta wa banda lako la kuku, ambalo wakati huo lilikuwa tupu. Bando lililofungua, kuku amesimama. Lililogoma au lililokata katikati, kuku amelala miguu juu. Nilipita na baiskeli nikaona ukuta umejaa miguu. Bi Asha alikuwa anaonyesha kuku wake kwa kijiti: "Hili langu limekufa kideri!" Mpaka leo Unyambwa bando likiisha ghafla watu wanasema limekufa kideri. Chini kabisa mliandika kwa herufi kubwa maneno yaliyonifanya nishuke kwenye baiskeli ili niyasome vizuri: WANATAKA TUCHATI, HAWATAKI TUSOME.

Halafu ukaanza kuiandikia kampuni barua, ukiitaka iseme wazi bando linafungua nini, na kuzikusanyia sahihi. Ulikuwa unakwenda Kinyangiri kununua kuku wa kuuza, ukarudi na matenga ya kuku na karatasi za majina. Aliyekuuzia jogoo ulimwomba na sahihi. Asiyejua kuandika alitia dole gumba kwenye wino, na wengine wino uliwakuta na vumbi la kuku kidoleni, kwa hiyo zile karatasi zilikuwa na alama za ajabu. Kutoka Manyoni watu usiowafahamu walikutumia zao kwa kondakta wa basi. Mke wangu alizipanga mezani kwetu, na mimi nilikula chakula pembeni yake nikijifanya nasoma gazeti. Nilikuwa najivunia wewe kiasi cha kutaka kuwaambia wateja, "Yule ni mkwe wangu." Sikuwahi kuwaambia.

Sababu ya kutowaambia ilikuja kibandani siku moja ya soko. Msimamizi wetu wa mauzo, kijana mchangamfu sana, aliegemea kaunta yangu.

"Kaka, huyu mama wa kuku ni mkweo?"

"Ndiyo."

"Basi mtulize."

"Kwa desturi za huku siruhusiwi hata kukaa naye," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza desturi yenu kunifaa kitu, na nilifurahi kama mtu aliyeokota mwavuli siku ya mvua.

Akacheka sana. Kisha akaacha kucheka. "Uwakala ni kama ndoa, kaka. Ukikushinda, mwenzio anaoa." Akaondoka. Nikabaki naangalia bango la kampuni juu ya kibanda, lile lililokuwa linalisha watoto wangu wawili, na katika miezi ya njaa lilikulisha na wewe.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Barua zako mbili za kwanza hazikujibiwa. Ya tatu, ile iliyokwenda na sahihi zote, iliwaleta. Maofisa wawili wa kampuni na yule msimamizi wetu walikuja kwenye ukumbi wa kata, mtendaji akakaa katikati kama mwenyekiti. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wewe ulikaa mbele na karatasi yako ya kusoma kwa niaba ya wote. Zaina alibaki nyumbani na watoto, na mimi nilisimama nyuma karibu na mlango, mahali mkwe anapostahili kusimama.

Ofisa akaeleza kwa upole kwamba mteja ndiye anayechagua bando mwenyewe, hakuna anayelazimishwa, na kwamba mawakala wanamfafanulia kila kitu kabla hajalipa. "Kama yupo wakala hapa," akasema, "anaweza kuthibitisha."

Vichwa vyote vikageuka. Unyambwa ni padogo, kila mtu anajua nauza nini. Msimamizi naye alinitazama akitabasamu. Ndipo ulimi wangu ukapata njia ya kutorokea.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "naomba radhi. Mbele ya mama mkwe wangu, kwa heshima, siwezi kuzungumza."

Wazee wakapiga makofi. Mmoja akasema kwa sauti, "Kijana ana adabu huyu, japo ni wa mjini." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimepona.

Ndipo ukainuka. Hukunitazama. Karatasi uliyokaa wiki nzima kuiandaa, ambayo ulikuwa unaisoma kwa sauti bandani ili usikwame, ukamkabidhi Bi Asha. Ukajifunga kanga vizuri, ukauambia ukumbi, wala siyo mimi: "Basi mimi natoka. Aseme."

Ukatoka. Watu walikupisha, nami nikakupisha mlangoni kama nilivyofundishwa. Kikao ulichokitafuta kwa mwaka mzima, ukakiacha mikononi mwa watu wengine ili mimi nisibaki na kisingizio. Sijawahi kuona mtu mkubwa akifanya jambo kubwa kwa maneno machache hivyo. Hata leo nikifikiria jinsi ulivyoikunja ile karatasi kabla ya kuitoa, nashindwa kukaa.

Na mimi, mama, nikasema hivi: "Kwa upande wangu, wateja wengi wanaridhika. Malalamiko ni machache. Mara mojamoja mtandao unasumbua, basi."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Asha aliguna tu.

Nilipotoka ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya baraza, mgongo kwenye dirisha. Nikajibana ukutani nipite mbali. Ukanena nami moja kwa moja, bila Zaina na nje ya salamu, mara ya kwanza na ya mwisho: "Asante, baba. Umesimama."

Nikadhani hukusikia. Kulikuwa na watoto wanacheza uwanjani, kulikuwa na upepo kwenye bati. Nikajiambia ameona nimesimama, akadhani nimesema kweli. Watu wa ukumbini nao hawakukuambia, nikaona ni kwa sababu aibu ya mkwe haipelekwi kwa mama mkwe. Nikaishi kwa faraja hiyo chafu miaka mitatu.

Wewe uliendelea bila mimi. Ukaandika tena, ukasafiri tena na matenga yako, vikundi vingine vya wafugaji na wakulima vikaandika kwao. Hatimaye ujumbe wa bando ukabadilika. Yale maneno ya mwisho yakahamia mwanzo kabisa, makubwa, mteja anayaona kabla ya kulipa. Na kilichobaki kikaruhusiwa kuhamia wiki inayofuata mtu akinunua tena. Siyo yote mliyoyataka, lakini wanawake wa Unyambwa walipiga vigelegele barabarani, na wewe ulichinjisha kuku. Firigisi ukaifunga kwenye jani la mgomba, ukampa Zaina. "Mpelekee baba." Firigisi hupewa mwenye kuheshimiwa, kila mtu anajua. Niliitafuna muda mrefu na haikutaka kushuka.

Umeondoka kwa ugonjwa wa siku chache, kabla alizeti haijakomaa. Tulifanya arobaini. Watu walipokuwa wanatawanyika, Bi Asha alinikuta nafunga maturubai, akaanza kunisaidia kukunja upande wa pili.

"Mkwe," akasema, "dirisha la ukumbi siku ile lilikuwa wazi."

Nikaendelea kukunja.

"Alisikia yote. Sisi tulitaka kuja kibandani kwako kukusema mbele za watu, mimi nikiwa wa kwanza. Alitukataza. Alisema, 'Mwacheni. Leo amesimama. Anayeweza kusimama, ipo siku atasema.' Akatuapisha tusimwambie Zaina. Sasa ameshazikwa, na mimi siwezi kuendelea kulibeba hili."

Mama, miaka mitatu. Ulijua, na kila nilipokuja uliitikia marahaba kwa sauti ileile. Ulijua, ukanitumia firigisi. Mimi nilidhani nimekuficha kumbe wewe ndiye uliyenificha, tena kwa mwanao wa kumzaa. Nimejaribu kukasirika kwamba hukuniambia, nimeshindwa. Ungeniambia vipi? Tulikuwa na neno moja tu la kuambiana, na wewe ukaliongezea "umesimama", nami sikulielewa.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Zaina kila kitu, kuanzia bando nililokuuzia. Alikuwa anachambua mchele. Aliuchambua mpaka ukaisha, akaanza upya ule aliokwisha kuuchambua.

"Mimi ndiye niliyempelekea mama yale maneno," akasema mwishowe. "Mtandao unasumbua. Nilimwambia kwa mdomo wangu mimi. Akanishukuru."

Nikafungua mdomo kumwomba msamaha.

"Usiniombe msamaha mimi jikoni. Kaseme palepale, mbele ya watu uliowadanganya. Ukirudi ndiyo tutaongea."

Nafasi haikuchelewa. Kampuni imeleta bando jipya. Hili linafungua kila kitu, hilo ni kweli, lakini video na kurasa za kampuni yenyewe zinakimbia, na za watu wengine zinatambaa mpaka mtu anakata tamaa. Kundi lako limelipima kwa mkaa kama ulivyowafundisha, na ukuta umejaa kuku waliochuchumaa, hawajasimama wala hawajalala. Wiki iliyopita maofisa wakaja tena kwenye ukumbi uleule wa kata. Bi Asha ndiye aliyesoma. Ofisa, mwingine lakini mpole vilevile, akasema mawakala wanafafanua kila kitu.

Nikanyoosha mkono. Nikaenda mbele, maana nyuma niliwahi kusimama na haikunisaidia. Nikasema haya, nayaandika kama nilivyoyasema ili uyasikie bila kupitia dirishani:

"Mimi ni wakala. Hatufafanui. Tulielekezwa kwamba mteja akiomba intaneti bila kusema aina, tumpe ile ya kuchati, kwa sababu kamisheni yake ilikuwa nzuri. Akirudi kulalamika, tumwambie mtandao unasumbua. Mama mkwe wangu nilimuuzia bando hilo, nikamjibu hivyo, na kuku wake wakafa akisubiri. Hapa ukumbini alinipa nafasi ya kusema, nikasema uongo. Na hili bando jipya tumeambiwa tusizungumzie habari ya kasi."

 Kisha mzee mmoja, muuza vitunguu ninayemhudumia kila Jumatatu, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo na mimi uliniuzia hilo la kuchati?"

"Na wewe, mzee."

Mwanamke nyuma yake akainua kidole. "Na mimi?"

"Na wewe, mama."

"Na mimi je?"

Ikaenda hivyo mstari kwa mstari, na kila mmoja nilimtazama usoni nikamjibu. Ilichukua muda. Hakuna aliyenitukana, mama, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Ofisa aliandika, akaandika, mwishoni akasema watalifikisha ngazi za juu. Sijui kama watalifikisha. Bi Asha amesema tutaandika barua ya kwanza, ya pili na ya tatu, na safari hii miongoni mwa sahihi itakuwemo ya wakala.

Zaina aliniacha mlangoni muda kidogo nilipofika, akiwa ameshasikia kwa watu. Halafu akaniwekea maji ya kuoga. Bado hatujaongea yote. Tunaongea kidogo kidogo, na sasa hakuna ukuta wa kuongelea nyuma yake, kwa hiyo inatubidi tutazamane.

Nakukumbuka, mama. Nakukumbuka kwa ujasiri wako kuliko kwa kitu kingine chochote, ule wa kuinuka na kutoka ukaacha ushindi wako ukumbini. Watu husifu wanaojua kusema. Wewe ulijua kumwachia nafasi mtu asiyejua, na ulikuwa tayari kumngoja. Wajukuu wako nimewasimulia habari ya debe la mahindi, na mkubwa ameniuliza maswali ambayo ofisa hakuweza kuyajibu. Sijui nani amemrithisha.

Jana msimamizi wa mauzo alinipigia simu. Alikuwa na huzuni ya kweli, nadhani. Alisema uwakala umesitishwa na kwamba kesho watakuja kulishusha bango, na kwa kunistahi watakuja jioni baada ya watu kufunga soko, nisiaibike.

Nilimwambia asante, lakini waje mchana, siku ya soko, watu wote wakiwepo.

Pumzika kwa amani, mama. Mungu akuwekee kuku wasiougua.

Mkweo,
baba wa wajukuu wako